Selim Bey, afisa aliyefia Naivasha akiletwa Pwani

Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, Nairobi. Amepanga chumba Kawangware, kama nilivyopanga mimi nilipokuwa nikisomea diploma yangu miaka ile, na kila Ijumaa huvuka Ngong Road akaenda kuswali Makina, Kibera. Mwezi uliopita alimpigia mamake simu kumweleza kuwa akimaliza shahada atajaribu bahati yake jeshini, aingie Lanet atoke na nyota begani. Dada yangu hakulala usiku ule. Asubuhi alinitaka mimi, kwa kuwa ndiye mjomba, nimkanye mtoto kabla mambo hayajafika mbali.

Sikumkanya. Kazi ya jeshi ni kazi, na watoto wa Pwani hawana kazi nyingi za kuchagua hata wakarushe mkono moja. Lakini nilipoongea naye usiku, baada ya isha, niligundua kitu kilichonishangaza. Kijana huyu anaswali safu moja na wazee wa Kinubi wa Kibera kila wiki, na hajui wametoka wapi. Alidhani ni Waswahili waliohamia, au labda Wasomali. Nikamwambia aketi vizuri, maana nilitaka kumsimulia habari za mtu mmoja aliyekuwa afisa Mwislamu katika nchi hizi kabla hakujakuwa na Lanet, kabla hakujakuwa na Nairobi yenyewe. Niliyomweleza ndiyo haya, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baadaye.

Jina lake Selim Bey. Wasomao historia ya Uganda wanamjua vizuri. Sisi wa Pwani tunawajua Tippu Tip na Mbaruk bin Rashid Mazrui, tena tunawajua kwa majivuno, lakini huyu aliyekuwa njiani kuletwa kwetu na asifike hatumtaji barazani.

Alikuwa Msudani mweusi, mrefu kiasi cha futi 6, mnene wa mwili. Wazungu waliokutana naye mwaka 1889 walimkadiria umri wa miaka kama 50. Hakusomea uafisa chuoni. Jeshi alilolitumikia lilikuwa la Khedivi wa Misri, na jeshi hilo lilijaza safu zake kwa watu weusi wa Sudani ya kusini, wengi wao wakiwa wametekwa au wamenunuliwa, wakapewa bunduki, jina la Kiislamu na mshahara ambao mara nyingi haukufika. Aliyeonyesha akili na moyo alipanda daraja: ombashi, shaushi, kisha afisa, yaani efendi, aga, hadi bey. Neno letu hili la afande, tunalomwitia polisi wa barabarani akitusimamisha, ni efendi huyo huyo wa Kituruki aliyekuja na askari hawa.

Jimbo la kusini kabisa la milki ya Misri liliitwa Ekwatoria, kando ya mto Nile, sehemu ambayo leo imegawanyika kati ya Sudani Kusini na kaskazini ya Uganda. Kuanzia 1878 gavana wake alikuwa Emin Pasha, Mjerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, daktari na mpenzi wa ndege na wadudu, aliyejipa jina la Kiislamu. Januari 1885 Khartoum ikaangukia mikononi mwa wafuasi wa Mahdi, na Ekwatoria ikakatika. Hakuna meli, hakuna barua, hakuna mshahara. Askari wakalima pamba, wakafuma nguo zao wenyewe, wakaoa, wakazaa, na kila asubuhi wakaendelea kupandisha bendera ya serikali iliyokuwa imewasahau.

Mtu akikaa miaka namna hiyo, utiifu wake unakuwa na sura ya pekee. Ulaya waliamua Emin anahitaji kuokolewa, na Stanley akapewa kazi hiyo. Februari 1887 aliondoka Unguja kwa meli akiwa na mamia ya wapagazi wa Kizanzibari na Tippu Tip mwenyewe, wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Kongo, wakapenya msituni. Wengi wa wale wa Unguja hawakurudi. Lakini askari wa Ekwatoria waliposikia kuwa wanachukuliwa kwa njia ya kusini mpaka bahari isiyo ya kwao, hawakuamini. Kwao, Misri iko chini ya mto, kaskazini. Anayetaka kukupeleka Misri kwa kukupitisha Bagamoyo, si anakupeleka kukuuza? Agosti 1888 wakaasi huko Dufile, wakamfunga Emin pamoja na Jephson, mjumbe wa Stanley. Kiongozi wa waasi wakali alikuwa Fadl el Mula.

Selim hakuwa upande wa wale wakali. Alikuwa mmoja wa maafisa waliokataa Emin adhuriwe. Na Novemba mwaka ule ule jeshi la Mahdi lilipopanda mto na kuishambulia Dufile, yeye ndiye aliyesimama kuilinda ngome. Walifukuzwa. Kwa siku zile chache waasi na watiifu walipigana ukuta mmoja, kisha wakarudi kugombana.

Februari 1889 Selim alikwenda hadi kambi ya Stanley kwa Kavalli, kusini magharibi ya ziwa Albert, akaomba muda akakusanye watu na familia zao. Alipewa muda. Hapa nilimwambia mpwa wangu afikirie hesabu yenyewe: maelfu ya wanawake, watoto, wazee, mizigo, wameenea vituo vya mbali kando ya mto, na maafisa wenzake nusu hawataki kuondoka. Stanley alikuwa na haraka. Tarehe 10 Aprili 1889 aling'oa kambi akaondoka na Emin pamoja na wachache waliokuwa tayari. Selim alifika akakuta majivu.

Emin alifika Bagamoyo Desemba 1889, akafanyiwa karamu, na usiku ule akaanguka kutoka ghorofani akavunjika fuvu, akapona. Watu wa Bagamoyo bado wanakisimulia kisa hicho. Aliyeachwa kwa Kavalli hakufanyiwa karamu. Alikaa pale miaka 2 na zaidi, akiwa na watu wake, akingoja.

Mwaka 1891 Emin alirudi. Safari hii alikuwa mtumishi wa Wajerumani. Akafika kwa Kavalli, akawataka askari wake wa zamani wamfuate. Ningependa msomaji atulie kidogo hapa. Yule ni bwana wao wa zamani, wanamjua, wamekula naye chumvi. Lakini bendera aliyokuja nayo si ya Khedivi. Selim na wengi wake walikataa. Emin akaingia Kongo na wachache, na mwaka uliofuata akauawa huko.

Miezi michache baadaye, Septemba 1891, akaja Lugard.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu Lugard anatupitisha Kawangware. Kapteni Frederick Lugard aliajiriwa na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ile iliyokodi ukanda wetu wa Pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1890 aliondoka Mombasa kwenda Uganda, na njiani akajenga ngome katika nchi ya Dagoretti, akafanya udugu wa damu na Waiyaki wa Hinga. Dagoretti hiyo ndiyo yenye Kawangware ndani yake leo. Mpwa wangu ananunua mandazi kila asubuhi katika nchi ambayo Lugard na Waiyaki walilana yamini. Yamini haikudumu. Watu wa Kampuni walioachwa ngomeni walipora mazao na mifugo ya wenyeji, ngome ikachomwa, nyingine ikajengwa Kabete, na mwaka 1892 Waiyaki akakamatwa, akajeruhiwa kichwani, akafungwa safari ya Pwani. Alifia Kibwezi. Likumbuke jambo hili, msomaji, litarudi.

Lugard alikuwa na askari wachache na maadui wengi Uganda, na alisikia kuwa kwa Kavalli kuna wanajeshi waliokwisha funzwa wamekaa bure. Aliwafuata. Mazungumzo hayakuwa mepesi. Selim alisema yeye ni askari wa Khedivi na hawezi kuhama utumishi kwa neno la mgeni. Mwisho walikubaliana hivi: wataingia chini ya Kampuni kwa muda, huku Khedivi akiandikiwa barua ya kuombwa ruhusa. Afisa mwenye nguo zilizochakaa, asiyepata mshahara kwa miaka mingi, aliyesahauliwa na serikali yake, anadai ruhusa ya maandishi kabla hajabadilisha bwana. Mimi katika kila ninachokijua juu ya mtu huyu hili ndilo linalonivuta zaidi.

Walioondoka na Lugard walikuwa askari 600 hivi wenye bunduki, na jumla ya watu waliofuatana nao ilipita 8,000. Sitaki kuwapamba. Katika watu hao 8,000 walikuwemo watumwa, na walikuwemo wanawake waliochukuliwa kwa nguvu. Lugard aliwagawa katika ngome alizozijenga mpakani mwa Toro na Bunyoro, wamzuie Mukama Kabarega, bila mshahara wa kueleweka wala chakula cha kutosha. Askari mwenye bunduki na njaa hula cha jirani. Watu wa Toro na Bunyoro waliporwa vibaya, na wajukuu wao wana haki ya kulisikia jina la Msudani kwa sikio tofauti na letu. Selim alikuwa mkubwa wao. Lawama hiyo ina sehemu yake, na hata nilipokuwa nikimsimulia kijana sikuiruka.

Uganda ya wakati ule ilikuwa imegawanyika makundi ya dini: Waprotestanti, Wakatoliki na Waislamu, kila kundi na bunduki zake. Waislamu waliwahi kushika ufalme mwaka 1888, na Kabaka wao Kalema alipofariki wakamtawaza Mbogo, ndugu yake Kabaka Mutesa. Januari 1892 Lugard aliwapiga Wakatoliki Mengo akitumia mzinga wa Maxim. Kisha akataka kumaliza na Waislamu bila vita. Katika kumtoa Mbogo porini, Selim Bey alitumika kama mpatanishi, Mwislamu anayeaminiwa na Waislamu. Mbogo akaja Kampala kwa amani, akaacha madai ya ufalme, na watu wake wakapewa kaunti 3 ndogo. Kwa ada za watu wa namna ile, anayekuleta kwa adui yako kwa neno lake amekuwa mdhamini wako. Akiguswa uliyemleta, umeguswa wewe.

Lugard aliondoka Juni mwaka huo. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Aprili 1893, Sir Gerald Portal, balozi wa Uingereza Zanzibar, aliishusha Kampala bendera ya Kampuni akapandisha ya Malkia. Wasudani nao wakahamishwa kama samani za nyumba iliyouzwa, kutoka Kampuni kwenda serikali. Mwisho wa Mei Portal akaondoka, akamwachia madaraka Kapteni Macdonald. Huyu ni yule yule aliyepima njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria mwaka 1891 na 1892. Mhandisi hodari. Lakini watu hawapimiki kwa kamba.

Juni 1893 Waislamu wa Buganda walikuwa na malalamiko: kaunti zao zilikuwa ndogo, na walitakiwa kumfanyia Mwanga kazi ambazo waliona ni za kuwadhalilisha. Selim wakati ule alikuwa Entebbe, mgonjwa sana, mwili umevimba kwa maji. Alimpelekea Macdonald ujumbe kwamba Waislamu na Mbogo wasiguswe, na kwamba wakipigwa yeye atahesabu amepigwa. Macdonald aliusoma kama tangazo la uasi: askari Wasudani ni Waislamu, Waislamu wa Buganda ni Waislamu, mkubwa wa askari anatuma vitisho, basi wote wamekula njama. Aliwanyang'anya silaha Wasudani wa Kampala wakiwa wamepangwa gwaride, mzinga wa Maxim umewaelekea. Hawakufyatua hata risasi moja. Kisha akawashambulia Waislamu wa Buganda akawatawanya, akaenda Entebbe, akamkamata Selim kitandani kwake. Askari wa Selim waliokuwa Entebbe nao hawakuinua bunduki kumtetea bwana wao.

Akahukumiwa kwa uasi, akavuliwa cheo, akaamriwa apelekwe Pwani uhamishoni. Waislamu wa Buganda wakanyang'anywa kaunti, wakabakiwa na Butambala. Mbogo naye akahamishwa. Huyu alifika kweli, akakaa Zanzibar mpaka aliporuhusiwa kurudi mwaka 1895, na aliishi hadi 1921 akiheshimiwa kama baba wa Waislamu wa Uganda. Selim alibebwa katika njia ya misafara, akashuka Bonde la Ufa, na Naivasha roho ikamtoka. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Waiyaki afie Kibwezi. Mmoja alikuwa mwenyeji aliyempokea Lugard akipanda kwenda Uganda, mwengine afisa aliyemkuta alipofika, na wote wawili wakafa njiani wakiletwa kwetu kama wafungwa. Kituo ambacho Selim angekifikia baada ya Naivasha ni ngome ya Kabete, pembeni mwa nchi ambayo wajukuu wa askari wake walikuja kujenga nyumba zao.

Je, aliasi? Mpwa wangu aliniuliza hivyo moja kwa moja, na nilimjibu kwa ninavyoona mimi. Mtu anayetaka kuasi hatumi barua kumwarifu atakayeasiwa. Angeasi kwa Kavalli, alipokuwa na bunduki 600 na Mzungu mmoja mbele yake. Lugard mwenyewe, akiwa Uingereza, alipopata habari alimtetea hadharani, akamlaumu Macdonald, na wakaandikiana maneno makali. Sisemi Lugard alikuwa mtu wa haki. Historia yake Mengo na baadaye Nigeria inajulikana. Nasema hata yeye lilimkera. Kwa upande mwengine, namwelewa pia Macdonald kidogo. Alikuwa na Wazungu wachache, kumbukumbu ya vita vya dini ilikuwa mbichi, na mkubwa wa jeshi lake anamwambia kuna watu asiowaruhusu kuwagusa. Serikali yoyote ingeshtuka. Hata ya leo.

Na hapa ndipo kijana alipoanza kusikiliza vizuri, kwa sababu swali hilo ndilo lake. Afisa anakula kiapo. Kabla ya kiapo kile ana viapo vingine: kwa Mola wake, kwa mamake, kwa watu aliowadhamini. Siku viapo hivi vikigongana atafanya nini? Selim alijaribu kusema wazi na mapema. Kikamgharimu.

Askari wake waliendelea kutumika. Mwaka 1895 wakaitwa Uganda Rifles. Mshahara ulikuwa mdogo, ulichelewa, na ulilipwa kwa nguo. Walitembezwa kutoka vita hadi vita mpaka mwaka 1897 walipoamriwa wafuatane na msafara mwengine wa mbali, bila wake zao, bila kuambiwa vizuri wanakwenda wapi. Mkuu wa msafara alikuwa Macdonald. Ndiyo, yule yule. Wakagoma Eldama Ravine, wakarudi hadi ngome ya Lubwa, Busoga. Meja Thruston, aliyejua Kiarabu chao na kuwaamini, aliwaendea kuzungumza nao. Wakamfunga, kisha Oktoba wakamuua pamoja na Waingereza wenzake wawili. Wanajeshi waliletwa kutoka India kuuzima uasi huo, na damu nyingi ilimwagika. Safari hii lilikuwa uasi kweli. Naamini Selim angekuwa hai, askari wale wangekuwa na mtu wa kumpelekea malalamiko yao.

Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vyote vya Waingereza vya Afrika Mashariki na ya Kati vikaunganishwa kuwa King's African Rifles, yaani KAR. Waingereza walikuwa wamejifunza, lakini walichojifunza ni kwamba Mwafrika asipewe tena cheo kikubwa kama cha Selim. Mwaka 1908, kule kwao, serikali ilianzisha vikosi vya kufunza maafisa ndani ya vyuo vikuu, Oxford na Cambridge na kwengineko, ili kijana anaposoma Kilatini awe anafunzwa pia kuamrisha. Huku, efendi wa Kisudani waliobaki walizeeka bila warithi. Cheo cha efendi kilirudishwa katika KAR miaka ya 1950, na hata hapo hakikuwa na hati ya Malkia. Luteni mdogo wa Kiingereza aliyetoka shule juzi alikuwa juu yake. Idi Amin na Shaban Opolot wa Uganda walipata uafisa kamili mwaka 1961, na Wakenya wa kwanza nao wakafuata njia hiyo. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963 ikiwa jeshi lake linaongozwa na Waingereza, na mwezi uliofuata askari wa Lanet wakagoma, kwa mshahara na kwa maafisa, malalamiko yale yale ya 1897. Mkenya wa kwanza kuliongoza jeshi la nchi kavu, Joseph Ndolo, alishika kazi mwaka 1966. Miaka ya 1980 serikali ikawa inawapeleka Gilgil wote wanaosubiri kuingia chuo kikuu, miezi 3 ya gwaride chini ya NYS. Ami yangu mdogo alipitia, na hadi leo hukunja shuka lake kwa pembe 4. Gilgil, Lanet, Naivasha: zote ziko katika barabara moja aliyobebewa Selim.

Na Kibera? Kuanzia 1904 askari wa Kisudani wa KAR waliomaliza utumishi walianza kukaa pale, msituni, karibu na kambi yao ya Nairobi. Jina lenyewe, Kibra, kwa Kinubi ni msitu. Waliotumikia miaka 12 walipewa vibali vya shamba. Laini Saba ni jina lililotokana na safu za shabaha walizopigia bunduki. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Walipewa kukaa bila kumilikishwa, na tofauti hiyo ndiyo iliyowaumiza watoto wao. Mwaka 1928 jeshi likaikabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia, na Tume ya Carter ya miaka ya 1930 ikasema hawa ni wapangaji kwa hiari ya serikali tu, ingawa serikali ina deni la utu kwao. Ardhi ikakatwa vipande: reli, mitaa ya wafanyakazi, nyumba za watu wengine. Wanubi wa Kibos, Kisii na Eldama Ravine wana hadithi zinazofanana na hizi.

Baada ya uhuru kukaongezeka taabu ya vitambulisho. Kijana wa Kinubi akifikisha miaka 18 alipelekwa mbele ya wazee na maafisa kuhojiwa, alete karatasi za babu. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kuwa Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi, na huo ndio uamuzi wa kwanza kabisa ambao kamati hiyo iliwahi kuutoa. Msomaji wa Pwani haelezwi maana ya kuhojiwa. Mimi mwenyewe nilirudishwa mara 3 katika ofisi moja kwa sababu jina langu lina bin katikati, na kila mara nikaambiwa nilete hati ya kuzaliwa ya babu aliyezaliwa kabla hati hazijaanza kutolewa. Babu wa wenzetu hawa aliingia nchi hii akiwa amevaa sare ya serikali.

Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya umiliki wa ardhi ya jumuiya, ekari 288. Nilikuwa Nairobi wiki ile, nikafika Makina. Watu walikuwa na furaha, na wazee wengine walikuwa wakipiga hesabu ya ekari 4,197 kutoa 288 kwa vidole, bila kusema neno. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya tarbushi nyekundu alinikaribisha kahawa. Babu yake alipigana upande wa Lindi, Tanganyika, mwaka 1917. Kibera nayo ina kijiji kiitwacho Lindi, na akanionyesha kwa mkono upande kilipo.

Tulizungumza saa 2, mpwa wangu nami, mpaka salio langu likakata. Dada yangu hakufurahi aliposikia kuwa sikumkataza. Alitaka neno moja tu la mjomba, mimi nikampa mtoto kisa cha Msudani. Nimemweleza kuwa kijana bado ana mwaka mzima wa masomo mbele yake, na akija Idi tutakaa sote watatu. Wiki iliyopita kijana alisafiri Nakuru na wenzake wa chuo. Aliniandikia kwamba matatu ilipofika juu, pale ziwa la Naivasha linapoonekana, alisoma Fatiha, na mwenzake wa kiti cha pembeni akamuuliza nani amefariki.